Mama Berthe Aenda Kutazama Mifupa

Mama yangu, Berthe, alikuwa na swali moja kuhusu Benoît, na alilirudia kila nilipomtaja: mwanaume mzima analipwaje kwa kuangalia mawe? Kuyachimba, sawa. Kuyayeyusha, sawa, mji wetu wote wa Likasi ulikula kwa hilo. Lakini Benoît aliwasindikiza wajiolojia wa kampuni porini, akavunja jiwe kwa nyundo ndogo, akaligeuzageuza, akalitia alama, akaenda kwa jingine. Mama alisema hiyo si kazi, ni uvivu wenye nyundo.

Mimi nilitaka kuolewa naye. Wazazi wake walikuwa tayari kuja kuzungumza, na mama alikuwa hajakubali kuwapokea. Baba alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo neno lilikuwa la mama peke yake, na mama akishika neno halegezi. Nilikuwa ninampenda sana mama, na mwaka ule nilitamani mara nyingi kumfungia jikoni.

Kisha mjomba Constantin, mdogo wake mama, akaharibu mambo kwa wema. Jumamosi moja alikunywa bia na Benoît, akasikia kwamba Kakontwe, mbali kidogo na machimbo ya chokaa, kuna alama za uhai wa kale ndani ya mawe. Alipofika kwetu, alama zilishakuwa mifupa, na mifupa ilishakuwa mnyama mrefu kuliko behewa la treni. Mjomba si mwongo, ila habari haipiti mdomoni mwake bila kunenepa.

“Yaya, ile nyama iko na meno sawa mikono yako,” alimwambia mama; yaya kwetu ni dada mkubwa, na nyama ni mnyama.

Mama akaacha kutwanga sombe, majani ya muhogo. “Minye nitaenda kuona,” alisema. “Kama iko kweli, bazazi yake bakuye. Kama iko uongo, asirudie huku hata siku moja. Nimechoka na banaume ya maneno.”

Nilimweleza Benoît yote. Alisema atamwonyesha mama kilichopo, na mengine atayasema hukohuko. Sikupenda jibu hilo hata kidogo.

Tulikwenda Jumapili moja ya Septemba, baada ya misa, kwa kamioneti ya mjomba. Huo ulikuwa wakati ambapo bado tuliitwa kwa majina yetu ya ubatizo bila kuogopa, kabla serikali haijayapiga marufuku. Benoît alitungoja njiani, ng'ambo ya machimbo. Mama alipoteremka, Benoît aliondoka njiani, akasimama kwenye majani na kuinamisha macho. Ndivyo ilivyo kwetu: mkwe na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakiwa na neno hulipitisha kwa mtu mwingine. Wanaume wa kwetu huogopa kuivunja heshima hiyo kuliko wanavyoogopa askari.

“Inua macho,” mama akamwambia. “Angalia minye muzuri. Minye siko buko yako.”

Buko ni mkwe. Benoît akainua macho, masikini, akamtazama mama usoni, na mimi nikaona aibu iliyonifika hadi miguuni.

Hata hivyo, nchi ile ilikuwa na namna ya kumfanya mtu asahau hasira. Nyasi zilikuwa zimeungua, na ardhi yote ilikuwa imepasuliwa makorongo mekundu, mengine membamba hata ukapita kwa ubavu. Katikati yake mawe ya kijivu yalisimama wima, makali, yenye mapango chini yake. Benoît alitangulia, akituambia tukanyage wapi. Mama alikuja nyuma yake akiwa amenuna, lakini mkono wake haukutulia. Aligusa kila ukuta. Aliokota kokoto, akainusa.

“Nani alikata hii yote?” aliuliza, kana kwamba anauliza hewa.

“Mvua, mama,” Benoît alijibu.

“Mvua tu?”

“Mvua, na muda mingi sana.”

Mama akatazama juu, akatazama chini, akaitupa kokoto. Kisha akaiokota tena.

Tulipopinda kona ya korongo, mjomba alipiga ukelele. Mbele yetu palikuwa na safu ya mawe ya mviringo, moja baada ya jingine, yakipanda kilima na kupungua unene kadiri yalivyokwenda. Hata mimi, niliyejua kwamba hakuna mnyama, niliona uti wa mgongo.

“Njo ile, ndiyo yenyewe!” alisema mjomba. “Yaya, si nilikuambia? Mukongo ile, na mukia inaendelea kule juu.”

Mama alikwenda mbio, licha ya umri wake. Akaupanda mgongo ule kwa viganja, jiwe kwa jiwe. Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu baba azikwe. “Kumbe kweli,” alisema polepole. “Kumbe mutoto ya bantu hakusema uongo.”

Nilimtazama Benoît. Hakutakiwa kusema chochote. Angenyamaza tu, na wazazi wake wangekuja. Moyoni nilimsihi: nyamaza, Benoît, kwa ajili ya Mungu nyamaza.

“Mama, hapana,” alisema. “Ile haiko mufupa. Ni mabwe tu. Mayi ya mvua njo ilikata vile.”

Mjomba alimwangalia kama mtu aliyemwaga bia ya wenzake. Mama aliondoa mikono yake kwenye jiwe, akajifuta vumbi taratibu sana.

“Sasa mifupa iko wapi?”

“Haiko, mama. Huku hakuna mufupa hata moja. Hii mabwe ilikuwa hapa zamani, mbele ya nyama yoyote kupata mufupa.”

“Alors, basi weye uko na nini?”

Benoît alitupeleka mbele kidogo, kwenye ukuta laini wa jiwe la kijivu, akafungua chupa yake ya maji na kuumwagia. Jiwe likabadilika mbele ya macho yetu. Yakatokea maduara ndani ya maduara, mistari mamia, myembamba, imepangana vizuri.

Sasa, Likasi hata mtoto anaijua malakiti, lile jiwe la kijani la shaba lenye maduara kama hayo. Mama akainama, akatazama, akatikisa kichwa kama fundi.

“Hii iko malakiti mubichi,” alisema. “Haijaiva bado.”

“Njo maana yake,” mjomba akadakia haraka. “Yaya, unajua.”

Na Benoît, ambaye sasa nilitaka kumpiga kwa nyundo yake mwenyewe, akasema tena: “Hapana, mama. Haina na shaba ndani. Hii ilikuwa kitu chenye uhai.”

“Kitu gani?”

“Utelezi. Huku yote ilikuwa bahari fupi, mayi ya kufika mu magoti. Utelezi ulikuwa ndani. Vumbi linakamatwa, utelezi unapanda juu yake, vumbi tena, utelezi tena. Kila mustari njo ile.”

“Utelezi sawa ile ya mu pipa yangu ya mayi?”

“Ndugu yake, mama.”

Mama alikuwa akilisugua pipa lile kwa mchanga kila wiki huku akililaani. Aliweka kiganja juu ya ukuta wenye maji na kukiacha hapo. “Na miaka ngapi?”

“Banasema mamia ya mamilioni.”

“Nani alihesabu?”

“Sijui namna banahesabu. Minye nilifundishwa tu.”

Mama aliondoa kiganja ukutani, akasema ana njaa.

Tulitandika chakula kivulini: bukari, yaani ugali, sombe, samaki mkavu. Benoît alikaa mbali, hajui kama ameshafukuzwa. Mama alikuwa anapakua huku akizungumza na mjomba kwa sauti ya chini.

“Constantin, muntu anataka mutoto yangu, na ananiambia hapana mara mbili siku moja. Ule hataweza kumudanganya Philomène.”

Akachagua kipande kikubwa cha samaki, akakiweka kwenye sahani. Kisha akavuta kitenge chake kichwani hadi kikafunika shavu, akageuka na kumpa Benoît mgongo.

“Philo,” aliniambia, “pelekea ule bwana chakula nyuma ya libwe. Hawezi kula mbele yangu.”

Nilipokea sahani. Benoît alikwisha simama, alikuwa ameelewa. Alizunguka jiwe bila kuinua macho, akaketi upande wa pili, na mimi nikampa sahani. Nusura nipige vigelegele palepale.

“Philo,” mama aliita tena. Alikuwa amebaki na maswali yake yote, na sasa hakuwa na ruhusa ya kumuuliza. “Muulize: mbele ya utelezi, kabla yake kabisa, kulikuwa nini?”

Sauti ilitoka nyuma ya jiwe, si imara sana: “Muambie mama, sijui.”

Mama alimega bukari, akaizungusha kiganjani.

“Muambie aulize kule ku kazi,” alisema. “Jibu bazazi yake bataniletea Jumapili.”

Nilizunguka jiwe kumpelekea neno hilo, ingawa alikuwa ameshalisikia.