Mibuni Mia Mbili na Timu Kumi na Tatu

Beata alimwona mumewe akipanda kilima na simu mkononi, akajua. Miaka kumi na tisa ya ndoa na mcheza mpira inamfundisha mtu kusoma mwendo. Pankras akishinda hutembea upesi, akifungwa hutembea upesi zaidi. Ila akipata timu mpya huja polepole, kama aliyebeba mayai, anatafuta maneno njiani.

"Tabora," alisema alipofika, hata pumzi hajavuta.

"Tabora kuna nini?"

"Wananitaka, Mama Aidan. Kocha mkuu, si msaidizi. Wanataka niripoti Jumamosi asubuhi, kwa hiyo Ijumaa alfajiri niwe kwenye basi."

"Jumamosi ni fainali."

"Najua."

"Na kocha wa timu inayocheza fainali ni wewe."

"Si nimekwambia najua?"

Beata aliinama akaendelea kupalilia, maana angesimama wima angesema maneno ambayo jirani wangeyasikia.

Huyu Pankras alikuwa straika. Si straika wa kupigwa picha, hapana. Alikuwa wa kujaza pengo, wa kuitwa yule aliyesajiliwa akivunjika mguu. Alifunga kwa ugoko, kwa bega, na mara moja kwa kisogo, akiwa amegeuka kumlalamikia mshika kibendera. Alipita kwa askari magereza Iringa, kiwanda cha sukari Morogoro, halmashauri Shinyanga, kisha Bukoba, Tanga, Kigoma, na nyingine ambazo Beata hakumbuki majina yake, anakumbuka nyumba tu: ile iliyovuja, ile yenye jirani mwenye mbwa. Timu kumi na tatu. Hakuna hata moja iliyomwona misimu miwili mfululizo.

Na kila walipofika, Beata alipanda. Yeye ni mtoto wa Lundo, kijiji cha kando ya Ziwa Nyasa, kwao wanakula kutoka ziwani, lakini hakuweza kuishi mahali pasipo na kitu chake ardhini. Mbaazi za Morogoro alikula mwenye nyumba. Migomba ya Bukoba ilitoa mikungu wao wakiwa Tanga. Mpapai wa Kigoma, anaambiwa mpaka leo, una matunda matamu ajabu. Anaambiwa.

Goti lilipokataa kabisa walirudi Kigonsera, kwao Pankras. Watu wa kata wakampa timu yao, Ngoro Stars, awe kocha. Mama mkwe akawapa kipande cha mteremko, na Beata akapanda mibuni mia mbili. Wazee walimcheka kidogo, mtu wa ziwani na kahawa wapi na wapi. Wakamwonya pia kwamba mbuni hauzai mpaka mwaka wa tatu. Alisema atangoja. Sasa mwaka wa tatu ulikuwa umefika, matunda yameanza kuwa mekundu matawi ya chini, na kuchuma kulipangwa Jumatatu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pankras kila mji aliondoka siku ya pili.

"Wachezaji wako umewaambia?" Beata aliuliza baada ya kumaliza mstari mzima.

"Nitawaambia."

"Hao unaowaimbia kila jioni kwamba subira huvuta heri."

"Usinidhihaki. Hii ni nafasi."

"Nafasi gani? Wewe unakimbia." Hapo alisimama wima, na jirani wasikie wakitaka. "Unakimbia tangu Shinyanga. Walibandika majina ya wanaobaki kwenye mlango wa stoo, ukaenda umevaa shati safi, jina halipo, na kipa akakucheka. Tangu siku hiyo hujangoja orodha ya mtu. Unaondoka kabla hawajakuacha. Sasa unaogopa ukifungwa Jumamosi watakufukuza, basi umeona bora uwafukuze wewe. Nenda. Lakini safari hii utakwenda peke yako. Mimi nimechoka kupandia watu. Kahawa hii nitaichuma mimi, kwa mikono yangu, hata kama nitaichuma bila mume."

Pankras akaingia ndani. Usiku ule kila mmoja alilala amempa mwenzake mgongo.

Ijumaa alfajiri alikuwa amekaa barazani, begi kati ya miguu. Honi ya basi la Songea ilisikika kule barabarani, ikalia tena, ikapotea. Pankras hakuinuka.

"Limenipita," alisema.

Timu kumi na tatu, na hajawahi kupitwa na basi. Beata akaenda kuchemsha chai. Tabora walipiga simu mara nne, yeye anaitazama tu. Kufikia jioni walikuwa wamepata kocha mwingine. Watu wa mpira hawaweki matanga.

Fainali ilichezwa Mbamba Bay, kombe la Mbinga na Nyasa, na wapinzani walikuwa Lundo. Yaani Mungu naye ana utani wake. Beata alikaa upande wa wageni huku nduguze wote wako ng'ambo ya uwanja wanampungia mikono. Ngoro Stars walifungwa la kwanza hata jasho halijawatoka. Pankras akaanza kupiga kelele mpira upelekwe mbele, mbele, mbele, kana kwamba kule mbele kuna mtu. Aliwapandisha mabeki, akampandisha hadi beki wa kushoto, na katika pengo lilelile akapita Glorious, mtoto wa kaka yake Beata, akafunga la pili. Beata hakujua apige kofi au ajishike kichwa. Alijishika kichwa. Mabao mawili kwa bila, wakapanda milima kurudi nyumbani.

Jumapili baada ya misa Pankras alivaa shati safi. Beata alipoliona shati lile alitamani kulichana. Alijua kinachofuata: wakimfukuza leo, kufikia Jumatano atakuwa amepata mahali, na yeye alishatamka kwamba haendi, wala hakuwa mtu wa kumeza maneno yake. Aliyatazama matunda mekundu kule mteremkoni na kwa mara ya kwanza aliyachukia.

Mwenyekiti wa timu, mzee Hamphrey, alipanda kilima na wajumbe wawili.

"Wanakuja," Pankras alinong'ona. "Sasa hivi ningekuwa Tabora."

"Nyamaza, kawapokee wageni."

Beata aliwaamkia shikamoo, akawapa viti. Mzee Hamphrey alikaa, akafuta jasho.

"Mwalimu, tumefungwa."

"Ndiyo, mzee."

"Tumefungwa vibaya. Kushoto kulikuwa wazi kama mlango wa kanisa."

"Ndiyo, mzee."

"Haya. Sasa mazoezi tuanze Jumanne au tungoje kwanza watu wachume kahawa?"

Pankras alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa Kichina. "Mazoezi ya nini?"

"Ya msimu ujao. Ya nini tena?"

"Kwani hamnifukuzi?"

Mzee Hamphrey alimgeukia Beata jinsi mtu anavyomgeukia ndugu wa mgonjwa. "Mwaka juzi tulikuwa wa mwisho, Mama Aidan. Wa mwisho kabisa. Leo tumefika fainali, halafu tumfukuze? Ana homa huyu?"

Beata akaenda kumimina chai. Wageni walikunywa chai wakaondoka, wamekubaliana mazoezi baada ya kahawa. Pankras alibaki barazani, mikono magotini, hajui aende upande gani. Kuondoka alikujua vizuri sana. Hili jingine, la kubaki, hakuna timu iliyowahi kumfundisha.

Jumatatu walishuka wote shambani, kila mmoja na kikapu chake. Beata alichuma tunda lake la kwanza, akalishika kiganjani kidogo, halafu akalitupia kikapuni na kuendelea, maana mia mbili ni mia mbili. Alipofika mbuni wa sita aligeuka kumtazama mwenzake. Kikapu cha Pankras kilikuwa kinakaribia kujaa. Alikuwa anakomba tawi zima kwa mkupuo, matunda mekundu na ya kijani.

"Baba Aidan. Hizi mbichi."

"Zitaivia kikapuni."

"Kahawa haiivii kikapuni. Inaivia mtini."

"Kwa muda gani?"

"Wiki mbili. Nyingine tatu."

Pankras aliuangalia mbuni, akaangalia kikapu, kisha akamwangalia mkewe. "Na mimi hizo wiki zote nifanye nini?"

Miaka kumi na tisa ilimpanda Beata mpaka shingoni, kila nyumba na kila begi. Alivuta pumzi.

"Ukae," alisema. "Ukae tu."

Pankras akakaa. Alikaa palepale chini, kwenye udongo, katikati ya mstari, na Beata ikambidi amzunguke ili afikie mbuni uliofuata.