Mezani pa Mkata Nguo

Nimepiga pasi katika karakana nyingi kuliko meno yaliyonibaki, lakini ugomvi kama ule sikuwahi kuuona. Mkata nguo alisema mshonaji anavuta kitambaa. Mshonaji alisema mwenzake anakata kama panya. Mwenye karakana akaapa kwamba Ijumaa mmoja wao ataondoka, kisha akamwita dada yake, mwalimu wa chekechea, aje aamue nani.

Dada mtu hakuuliza nani alianza. "Watoto wangu siwapi jibu," alisema. "Nawapa kitu mikononi, halafu nakaa kimya. Badilishaneni viti mpaka saa sita."

"Sisi si watoto, mwalimu," mkata nguo alinuna.

"Ndiyo maana sijawaimbisha."

Tukacheka, wakabadilishana. Mshonaji akakata mkono wa shati, ukatoka upogo. Akakata wa pili, upogo vilevile. Akainama kutazama meza. "Wee kaka, mbona kivuli cha kabati kinafunika mstari wa chaki? Miaka miwili unakata gizani?"

"Nilidhani macho yangu yamechoka. Niliogopa kusema, nisije nikafukuzwa."

Mkata nguo mwenyewe, akishona vipande alivyovikata jana yake, alikuwa amefumua mshono mmoja mara tatu, kidole kinavuja damu. "Kumbe dada yangu," alimwambia mshonaji, "hivi ndivyo ninavyokutesa kila siku?"

Hawakungoja amri. Waliisukuma meza wenyewe mpaka dirishani, mwenye karakana akiwapisha njia. Ijumaa ile hakuondoka mtu. Mashati mia mbili yalipita chini ya pasi yangu, na sikurudisha hata moja kwa kasoro.