Nyumba Tuliyokuwa Tunairuka

Hivi wewe, watu wakiacha kufika nyumbani kwako kwa sababu wanakuhurumia, utawashukuru?

Mimi nilidhani ndiyo. Mimi ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Mungaa, na kila Jumamosi asubuhi tunasali nyumbani kwa mwanajumuiya mmoja, tukifuata nyumba zilivyopangana. Kwa Emiliana tu ndiko tulikokuwa tunakuruka. Ni mjane, nyumba yake ya tembe ni ndogo, na mwenye nyumba huwa anatoa chai. "Tusimtie aibu," nilikuwa nasema, na wenzangu wanaitikia kwa kichwa.

Jumamosi hiyo zamu ilikuwa ya Laurenti, mwenye mashine ya kukamua alizeti. Mota yake ilikuwa imeungua, nasi tukaenda kama watu wa msibani. Agnes alibeba jogoo. Mimi nilivaa kitenge changu cha Pasaka. Njiani tulipita kando ya shamba la Emiliana. Yeye alikuwa katikati ya mtama akigonga debe, maana kwelea kwelea walishashuka tangu mwanzo wa wiki, ndege wengi kama vumbi. Masuke yalikuwa yamesimama matupu. "Pole na kazi!" tukampungia mkono, tukaendelea na jogoo wetu.

Laurenti akatupokea anacheka. "Jamani, mbona nyuso hizo? Fundi anakuja kesho na mota mpya."

"Hata hivyo pole, baba," Agnes akamwambia. "Kukaa bila kazi si mchezo."

"Nimelala mpaka jua limepanda, mama. Sijalala hivyo tangu nioe!"

Tukacheka, tukasali. Ulipofika wakati wa kila mtu kutoa ombi lake, wote waliombea mota. Philipo alitaja mpaka mkanda wa mashine, na bomba la mafuta. Emiliana alikuwa ameshafika, amekaa karibu na mlango, makapi ya mtama yako kwenye nywele. Nilimwona akifungua kinywa. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kufukuza ndege, ikatoka kidogo tu, na Agnes akawa ameshaanzisha wimbo.

Mwishoni nikasimama kutangaza. "Jumamosi ijayo, kwa Agnes."

Emiliana akainama akatazama vidole vyake. Pilau ilipoletwa, hayupo.

Nikaona nimfungie kidogo kwenye bakuli, nikampelekea mwenyewe.

"Hodi humu!"

"Karibu. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Sikuwa nimeingia mle tangu tulipomzika mumewe. Sakafu ilikuwa imesiribwa upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe, bado mbichi kwenye pembe. Picha ya Mama Maria iliwekwa juu ya kitambaa kilichonyooshwa vizuri. Magogo yalipangwa kuzunguka ukuta, na juu ya kila gogo gunia lililokunjwa ili mtu asiumie anapokaa. Pembeni kulikuwa na mtungi wa togwa ya mtama, umefunikwa kawa. Nilijua ametoa wapi huo mtama. Ulikuwa ule wa mwaka jana, wa mwisho.

Nikabaki nimeshika bakuli, sijui nitazame wapi.

"Ulikuwa unatusubiri," nikasema.

"Baada ya kwa Laurenti ni kwangu, bibi. Nyumba zinavyofuatana."

"Tulikuonea huruma. Hatukutaka kukulemea."

Akasogeza gunia moja likae sawa, ingawa lilikuwa sawa. Nami nikazidi kusema. "Najua mtama umeisha. Nitakuletea unga. Na wenzangu nitawaambia, kila mmoja alete kidogo, wewe usiwe na wasiwasi kabisa."

"Unga nitapokea. Sitakudanganya, bibi, nina njaa." Akachukua bakuli mikononi mwangu, akaliweka chini taratibu. "Lakini unga sicho nilichotaka."

Uso wangu ukawa wa moto, mzee mzima. Nikaketi kwenye gogo lililokuwa karibu. "Basi niambie ulitaka nini."

Akaniambia kwa ile sauti yake iliyokauka.

"Nilitaka mje mkae humu, mnywe togwa yangu. Halafu mtu mmoja tu aombe, kwa sauti, watu wote wasikie: Ee Bwana, ndege wamemaliza mtama wa Emiliana. Anitaje jina, bibi. Anitaje na mimi jina."