Wa Kushoto Kwanza

Kiwanda cha barafu anachofanya kazi baba kiko njia ya Tumbe, na ndani ya kabati lake la umeme mna kontrola mbili zimekaa ubavu kwa ubavu. Ndizo zinazoiambia kompresa iwake, pampu ivute maji, barafu iangushwe. Zimewekwa mbili ili moja ikifa nyengine ishike kazi. Baba anaziita wa kushoto na wa kulia, kama watu.

Wa kulia alikufa zamani, mvua ilipenya juu ya bati ikamwingia. Wa kushoto akabeba peke yake, lakini joto likizidi anasimama, na akisimama barafu yote inakuwa maji. Wenye kiwanda wakachoka. Wakasema watanunua kontrola mpya moja tu, na kiwanda kisipowaka safari hii mashine zitafunguliwa zipelekwe Unguja. Baba akawaambia kitawaka. Hakuna aliyemuuliza, kasema mwenyewe mbele ya watu.

Fundi alikuja kutoka Dar, kijana mpole anaitwa Ishak, anakula muhogo wa nazi mpaka mama anacheka. Alizima kila kitu, akamfunga wa kulia mpya, akachomeka nyaya nyembamba za kuwaunganisha wawili wale. Kabla hajawasha, umeme ukakatika kisiwa kizima, na boti haisubiri mtu. Ikabidi amkalishe baba amfundishe.

"Mzee, ukisahau yote, hili usilisahau. Washa wa kushoto kwanza. Anayewaka mwanzo ndiye mkubwa, na wa pili anachukua kila kilichomo kwa mkubwa. Huyu mpya kichwa chake kitupu. Ukimuwasha yeye mwanzo, atampa mwenziwe huo utupu."

Baba akauliza kama kuna kopi ya programu pahala. Ishak akasema hamna. Walioitengeneza waliifunga kwa neno la siri, na kampuni yao haipo tena. Kila kitu kimo ndani ya wa kushoto. Basi baba akawa anarudia njia nzima, wa kushoto kwanza, wa kushoto kwanza, hata kwenye kula, mpaka mama akamuuliza huyo wa kushoto ni mke wa pili au nini.

Umeme uliporudi wakaja watu wengi. Wenye kiwanda na gari lao, wavuvi, wachuuzi na baiskeli zenye matenga matupu. Bi Mwanakhamis muuza pweza alikuwa anawachokoza wenziwe kuwa leo wataacha kuwamwagia samaki maji na kuwaapia watu kwamba wametoka baharini sasa hivi. Baba naye hakumwacha, akamwambia barafu ya kwanza atampa yeye, ausafishie moyo. Mie na mama tulisimama mlangoni.

Shehe Rajab akaombwa dua. Akasoma dua ndefu, nzuri, watu wakaitikia amin, wakapangusa nyuso zao. Kisha akamgeukia baba, akasema taratibu, "Haya Abdulsamad, bismillahi."

Baba akasema bismillahi, na mkono ukaenda kulia.

Ndivyo ulivyolelewa ule mkono. Kanzu kulia, kiatu kulia, msikitini mguu wa kulia, wageni ukiwapa chai unaanzia kulia. Baba hajapata kuanza jambo la kheri kwa upande mwengine. Kichwa kilikuwa kinajua, ila mkono haukukiuliza kichwa. Ukabonyeza swichi ya kulia, na hapo hapo ukashukia ya kushoto.

Alipogutuka, taa zilikuwa zinapepesa. Akarudisha kidole kumzima wa kushoto, lakini taa yake ya kijani ishatulia.

Watu wakapiga makofi. Mmoja wa wenye kiwanda akaja kumpa mkono, baba akautoa wake bila kumtazama. Akabonyeza kitufe cha kompresa. Kimya. Akabonyeza tena. Mtu akasema labda inapata moto kwanza, Bi Mwanakhamis akasema kumbe nayo inapulizwa kama jiko la mkaa, wakacheka wote. Kabati lote kijani, hakuna taa nyekundu hata moja. Wale wawili wamekuwa sawasawa kabisa, na wote hawajui kama duniani kuna kompresa.

Baba akampigia simu Ishak. Ishak hakuuliza mengi, aliuliza nani kaanza tu.

"Wa kulia," baba akasema.

Ishak akampa pole. Akasema atajaribu kuulizia huko, kwa ile sauti wanayosemeshwa nayo watu wenye mgonjwa.

Watu walipoelewa hawakumgombeza. Shehe Rajab alimshika bega.

"Kadari ya Mungu, mwanangu. Tena ungeanzaje jambo kwa kushoto?"

"Jambo lenyewe lilitaka kushoto, Shehe," baba akasema, na Shehe akautoa mkono begani pole pole.

Mashine wamekuja kuzifungua. Baba amewasaidia, kwa sababu yeye ndiye anayejua nati zipi zimeshika kutu. Huku kwetu watu wanasema zilikuwa mbovu tangu zinakuja, na kila wakisema anawajibu hazikuwa na kosa, mpaka wameacha kulizungumza akiwapo.

Jana asubuhi tulikutana na Bi Mwanakhamis njiani, ndoo ya pweza kichwani. Akamwamkia baba kwa adabu, akamuuliza hali, akasema alhamdulillahi mara mbili, kama anaongea na mfiwa. Baba akasimama.

"Bi Mwanakhamis, nitanie basi."

Akamtazama, mdomo ukataka kufunguka. Kisha akasema jua limeshakuwa kali, pweza wataharibika, akapita akaenda zake.