Mtaa Aliouruka Bi Somoe

Kata iligonga ukingo wa mtungi mara moja, kidogo tu, kisha maji yakasikika yakiingia kwenye birika. Bi Somoe alitulia asikilize kama mumewe ameamka. Hakutaka aamke, kwa kuwa Mzee Ismaili alikuwa na kifua kibovu, na usingizi wa alfajiri ndio pekee uliokuwa ukimpumzisha. Lakini sauti ilitoka gizani.

"Ndiyo unakwenda?"

"Nakwenda."

"Wazungu waliupima mji huu kwa minyororo, na vijana sita wa kuishika. Wewe utaupima kwa nini?"

"Kwa miguu yangu hii."

"Hiyo iliyovimba?" Alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Basi chukua fimbo yangu. Na ule kitu kwanza."

Bi Somoe alitawadha, akasali, akala kipande cha muhogo wa jana. Kisha akachukua ukili mwembamba kutoka kwenye mkeka aliokuwa akiushona, akaufunga kiunoni chini ya kanga. Hakujua kusoma wala kuandika. Alikuwa na nia ya kupiga fundo moja kwa kila mtaa atakaoupita, ili atakapoulizwa awe na cha kuonyesha.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, na mwezi wa Shaabani ulikuwa umebakiza siku saba. Katika siku hizo watu hutakana radhi, maana si vizuri mtu kuingia kwenye mwezi wa kufunga na kinyongo cha mwenzake mgongoni. Bi Somoe alikuwa na kinyongo cha mtu mmoja mgongoni, na kilikuwa kizito kuliko mtungi uliojaa.

Kazi yake ilikuwa kupeleka habari kwa wanawake. Mtu akifariki, wanaume huambiwa msikitini. Wanawake huambiwa na Bi Somoe. Hupita nyumba kwa nyumba, husimama mlangoni, hapandi barazani, husema, "Fulani hatunaye. Anatoka saa fulani." Kisha huenda nyumba ya pili. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, aliyemfundisha njia kama mwalimu anavyomfundisha mtoto sura: anza kisimani, shika njia ya wachoma chokaa, zunguka nyuma ya msikiti, teremka Ufukoni, rudi kwa njia ya makaburini. Bi Somoe aliihifadhi akiwa msichana, na miaka arobaini hakuipunguza hata nyumba moja.

Wala hakuiongeza. Hapo ndipo palipokuwa na kosa lake.

Ulikuja Mtwara mradi wa karanga wa Wazungu, zikaja mashine, bandari ikachimbwa, reli ikatandikwa, na porini kukapigwa vigingi vya mitaa mipya. Mradi ulipokufa, mitaa ilibaki, na watu wakaendelea kujenga. Bi Somoe aliviona vigingi kama kila mtu. Ila katika kichwa chake mji ulikuwa ule wa mama yake, unaanzia kisimani na kuishia makaburini.

Mwaka uliopita, katikati ya masika, alifariki Shabani, fundi seremala wa Ufukoni. Watu wa nyumba yake walimwita Bi Somoe alfajiri. Akapita, akarudi, akaulizwa, "Umemaliza mji wote?" Akajibu, "Wote." Alijibu kwa moyo safi. Shabani alikuwa na dada yake mmoja tu, Mwanakombo, aliyetoka Mnazi Bay miezi minne kabla na kuhamia Magomeni kwa mumewe, kuli wa bandarini. Nyumba yao ilikuwa kwenye mtaa mpya, mstari wa tatu kutoka barabarani. Watu wa msiba walijua kwamba Bi Somoe amepita. Bi Somoe hakujua kwamba mtaa huo upo.

Mumewe alikuwa zamu bandarini tangu usiku, kwa hiyo Mwanakombo alipata habari bombani, saa za alasiri. Alipofika Ufukoni, akina mama walikuwa wanamwaga maji yaliyobaki ya kumwoshea ndugu yake. Jeneza lilikwisha kutoka, na mwanamke haendi makaburini. Hakuuona uso wa kaka yake.

Siku ya arobaini, baada ya hitima, Bi Somoe alimwendea mbele ya wanawake wote ili amtake radhi. Mwanakombo hakupandisha sauti.

"Bi Somoe, wewe ulisema umepita mji wote. Mtaa wangu uliuweka wapi?"

"Sikuujua, mwanangu."

"Basi nenda kaujue mji. Wote, usiache hata kichochoro. Ukiisha, ndipo uje kwangu. Kabla ya hapo usinipigie hodi."

Wengine walisema ni maneno ya uchungu, yatapita. Hayakupita. Na tangu siku ile, kila Bi Somoe alipoitwa kupeleka habari, ulimi ulimwia mzito mlangoni.

Ndiyo maana alikuwa njiani alfajiri ile na fimbo ya mumewe.

Siku mbili za kwanza alipita mitaa ya mama yake. Kila nyumba walimjua, na kila nyumba walishtuka. Mwanamke mmoja alidondosha ungo wa mchele alipomwona mlangoni.

"Nani tena?"

"Hakuna. Wote wazima. Nimekuja kuwataka radhi tu, mwezi unaingia."

"Bi Somoe, ukija kwa salamu uwe unaimba, tujue. Moyo wangu mmoja."

Walicheka, wakasameheana, wakaokota mchele pamoja. Lakini Bi Somoe aliondoka akiwaza. Miaka arobaini alikuwa akipiga hodi kwenye nyumba hizi, na hakuna aliyewahi kumwona mlangoni akafurahi.

Siku ya tatu aliingia mitaa mipya. Barabara zilikuwa pana na zimenyooka, hazina kivuli, na maji ya mvua yalikuwa yamesimama kwenye mashimo ya magari. Kwenye mtaa wa maduka miguu ilimkatalia. Akakaa kwenye ngazi ya duka moja la nguo. Mwenye duka, Shirinbai, alitoka akiwa na futi ya kupimia shingoni, akamtazama miguu, akarudi ndani bila neno. Alitoka na beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

"Tia miguu humo, bibi."

"Nitakuchafulia beseni."

"Beseni huoshwa." Shirinbai alizaliwa Mikindani, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko. Alikaa kwenye ngazi pamoja naye. "Wewe ndiye unayepeleka habari, sivyo? Nimekuona ukipita ng'ambo ya barabara."

"Ndimi."

"Kwetu Mikindani alikuwepo Bi Mwanahawa. Anafika mlangoni, 'Shirinbai, fulani hatunaye.' Mama anapeleka mchele, sisi tunapeleka sukari. Hapa nimefungua duka mwaka wa nne, sijaambiwa hata mara moja. Nikafikiri labda watu wa Mtwara hawafi."

Bi Somoe alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Nisamehe, mwanangu. Sikujua kwamba unangoja."

"Ningesemaje? Nisimame barabarani niulize nani amekufa leo?" Alimpa kitambaa cha kufutia miguu, kisha mafuta ya nazi kwenye kikombe. "Ikitokea, pita. Hata kama duka limefungwa, sisi tunalala nyuma."

Bi Somoe alipiga fundo.

Upande wa Wazungu, kwenye nyumba zilizo mbali mbali, hakuona wa kumwomba radhi mpaka alipopita nyuma ya jiko moja. Mpishi aliyekuwa akisugua sufuria alimwambia kwa heshima, "Umepotea, bibi. Huku hakuna wa kuitwa msibani."

"Na wewe?"

"Mimi?" Alisimamisha mkono. "Mimi Mussa. Kwetu Newala."

"Ungependa kuitwa, Mussa?"

Alifikiri sana, kama mtu aliyeulizwa jambo kubwa. "Ndiyo," alisema. "Jumapili mchana nina nafasi. Siku nyingine nitaomba ruhusa."

Lakini mtaa uliomlaza na machozi ulikuwa nyuma ya reli. Palikuwa na safu za vibanda vya mabati vilivyoachwa na mradi wa karanga, wakikaa humo vibarua waliotoka uwanda wa Wamakonde na ng'ambo ya mto Ruvuma. Mama mmoja wa Kimakonde, mwenye chale nzuri usoni, alikuwa akimenya muhogo. Alimsogezea kinu kilicholazwa akalie. Bi Somoe alieleza kilichomleta. Yule mama aliendelea kumenya.

"Masika yaliyopita mtoto wangu alikufa," alisema. "Wa miezi saba. Mume wangu alimzika na wenzake wawili."

"Akina mama hawakuja?"

"Hatukujua tumwambie nani."

 Bi Somoe alishuka kwenye kinu, akakaa chini kwenye mchanga, miguu kanyoosha, kama mtu anavyokaa kwenye mkeka wa msiba.  Kisha yule mama akafukua muhogo kwenye majivu, akaupangusa, akauvunja vipande viwili, akampa kile kikubwa. Siku ile Bi Somoe hakupita mtaa mwingine.

Nyumbani Mzee Ismaili alimkanda miguu. "Imebaki mingapi?"

"Sijui. Nilidhani ninaujua mji huu, baba. Nilikuwa najua ua wa mama yangu tu."

Siku ya saba, jua likiwa limepanda, alifika Magomeni, mstari wa tatu. Alikuwa ameuacha makusudi uwe wa mwisho. Alipita mtaa wote kwanza, nyumba kwa nyumba, kisha akasimama mbele ya mlango wa Mwanakombo, akapiga hodi. 

Mwanakombo alifungua. Alimtazama uso, fimbo, miguu. Hakusema karibu, wala hakufunga mlango.

Bi Somoe alifungua ukili kiunoni, akaunyoosha kwa mikono miwili. "Sijui kuandika, mwanangu. Kila fundo ni mtaa. La mwisho ni hili la kwako, sijalikaza bado."

Mwanakombo aliupokea. Akakaa barazani, akaanza kuyapitisha mafundo vidoleni moja moja, kama anayevuta tasbihi. "Huu?"

"Wa wachoma chokaa."

"Huu?"

"Wa maduka. Shirinbai hajaitwa miaka minne."

"Na hili mbona limepigwa mara mbili?"

"Nyuma ya reli. Pana mama alifiwa na mtoto, hakwenda mwanamke hata mmoja. Nilikaa naye. Nilirudia fundo kwa kuogopa halikushika."

Mwanakombo alibaki na fundo lile kati ya vidole. Kuku walikuwa wakiparua chini ya ua.

"Kaa, Bi Somoe," alisema.

Bi Somoe alikaa.

"Asubuhi ile nilikuwa nafagia hapa. Wakapita wanawake wawili, kanga vichwani, hawana kikapu, hawasemi. Wanaelekea Ufukoni. Niliijua ile mienendo. Nikajua wanakwenda msibani." Alikuwa akiongea na ukili, si na mtu. "Mama yangu alinifunza, harusi huitwa, msiba huendewa. Ukiona watu wanakwenda, fuata, utajulia mbele ni wa nani. Mimi nikasema moyoni, miezi minne niko hapa hakuna anayenijua, hakuna aliyenijia, na mimi sitakwenda. Sikuuliza hata jina. Nikaendelea kufagia mpaka nikamaliza uwanja mzima. Alikuwa Shabani."

Bi Somoe hakumwambia anyamaze, wala hakumwambia si kitu. Alijua kwamba ni kitu.

"Nilikutupia wewe mzigo wote," Mwanakombo alisema, "maana wangu sikuweza kuubeba."

"Wangu ni wangu, mwanangu. Mimi niliuruka mtaa wako. Hilo haliondoki kwangu kwa sababu na wewe una lako."

"Nimekusamehe. Nilikusamehe kabla hujapiga hodi, nilipokuona unaanza nyumba ya kwanza kule pembeni. Ila mimi nitamwomba nani? Mwenyewe yuko chini."

Bi Somoe alifikiri. Hakuwa mwanachuoni, na hakutaka kusema asilolijua. "Tumsomee," alisema. Wakainua mikono, wakamsomea Shabani Fatiha, mmoja akimngoja mwenzake pale sauti ilipokatika. Kisha Mwanakombo akafuta uso kwa ncha ya kanga, akaingia ndani, akatoka na chai na kitumbua kimoja juu ya kisahani. Aliomba radhi kwamba ni kimoja. Bi Somoe alikigawa.

Alipoinuka, Mwanakombo alimshika mkono kumsaidia kushuka barazani, akampa fimbo. Kisha akalikaza lile fundo la mwisho mwenyewe, kwa meno, akamrudishia ukili.

Bi Somoe alikuwa amefika kwenye ua aliposikia jina lake.

"Bi Somoe. Utapita tena?"

"Nitapita, mwanangu. Sasa njia naijua. Akifariki mtu, nitafika kwako mapema."

Mwanakombo alitikisa kichwa. Alikuwa amesimama mlangoni na kisahani kitupu mkononi.

"La," alisema. "Usingoje mtu afe. Pita tu."