Kompyuta ya Kumwitikia Mama

Mezani sebuleni kulikuwa na dadu, penseli na ramani ya jiji la kubuni, jiji la moshi na taa ambamo kila mkazi alipandikizwa kompyuta ndani ya ubongo. Kaka mkubwa wa nyumba hiyo ndiye aliyeongoza mchezo, ambamo kila mchezaji aliigiza mkazi mmoja wa jiji. Siku hiyo alichoka kuwaona wahusika wa wenzake wakipigana tu, akataka kila mmoja aeleze mhusika wake anaitumiaje kompyuta hiyo siku isiyo na vita.

Rafiki yake, fundi simu, alisema ya kwake ingekariri sura za wateja wote aliowaambia waje kesho, apate kujificha mapema. Kaka akasema ya kwake ingemkumbusha alichofuata kila aingiapo chumbani akasahau.

Zamu ikamfikia mdogo wake. Walimwita Chiriku kwa utani tu, maana kumtoa neno mdomoni ilikuwa kazi. Ila mchezoni ulimi wake ulikuwa mwepesi.

"Yangu inamwitikia mama," alisema. "Akianza habari zake za majirani, inasema yenyewe 'ehe', 'kumbe', 'masikini', kila inapofaa. Mimi huku kichwani naangalia sinema."

Fundi simu alicheka mpaka akalalia meza, akauliza kama 'makubwa' nayo imo. Chiriku akajibu kwamba imo, ila inakula chaji.

Kicheko cha kaka kikakatika. Mama yao alikuwa mlangoni na sinia la chai. Aliliweka taratibu, asije akailowesha ramani, akauliza nani aongezwe sukari, akatoka.

Uso ulimwaka Chiriku. Laiti angekuwa amebuni jambo baya, angesema ni mchezo, yakaisha. Lakini hakuwa amebuni chochote. Kazi hiyo aliifanya kila siku kwa kinywa chake mwenyewe, bila kompyuta.

Alimfuata mama jikoni. Siku nyingine angemkuta tayari yumo katikati ya habari, hata kabla hajapata wa kumsikiliza. Leo aliosha sufuria kimya.

"Mama, tulikuwa tunacheza tu."

"Najua, mwanangu. Mchezo mzuri, mnacheka."

Chiriku alitafuta kichwani habari yoyote ya mama aliyoikumbuka, apate pa kuanzia. Akaipata moja, akafurahi kama aliyeokota kitu.

"Yule mama mshonaji wa nyumba ya pili, mguu wake unaendeleaje?"

Mama alifunga bomba. Alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Tulimzika, mwanangu. Nilikusimulia hapa hapa, nalia. Ukasema 'masikini'."

Chiriku alishika ukingo wa karo. Alimwomba mama amsimulie tena, tangu mwanzo.

"Labda kesho," mama alisema. "Leo sina maneno."

Sebuleni kaka aliita, zamu imerudi kwa Chiriku, aje arushe dadu. Hakwenda. Alichukua kitambaa, akaanza kukausha sufuria, akiogopa hata kukohoa, kusije kukasikika kama kuitikia.