Njiti wa Ngisi

Wifi yangu aliingia dukani na ndoo mbili tupu, nikajua amekuja kuyatoa mayai ya ngisi.

"Wifi, mteja anakuja mchana kuchukua tangi kubwa," akasema. "Na hayo madude yako yameoza. Ona yalivyovimba, na madoa meusi juu."

Duka hili la samaki wa mapambo ni letu wawili tangu kaka yake, mume wangu, atangulie mbele ya haki. Mayai tuliletewa yameshika kwenye mwani, ute mweupe umbo la vidole, kila kidole kimejaa mayai. Ngisi jike akishataga hufa, kwa hiyo hawa walikuwa yatima kabla ya kuzaliwa, na Mungu akanipa mimi niwaangalie. Kila nikitoka kusali nilikuwa naanzia kwao. Niliuona weupe ukiisha, ute ukawa kama kioo. Kisha yakaja macho.

"Hayo madoa ni macho," nikamwambia. "Sogea uone."

"Ujane umekuzidi, wifi. Juzi umempa samaki pole."

"Alikuwa mgonjwa."

Akacheka, akatia mkono majini, akanyanyua kidole kimoja cha mayai na kukitikisa. Ute ukapasuka. Akatoka mtoto mmoja, mdogo kama punje ya mchele, mwili una vidoa vyekundu vinavyofumba na kufumbua. Mdomoni alikuwa bado na kiini cha yai. Akajaribu kuogelea, kiini kikamvuta chini.

Wifi aliacha kucheka. "Ana nini pale mdomoni?"

"Chakula chake. Kingekwisha ndipo angetoka mwenyewe. Wewe umemtoa njiti."

Neno hilo lilimwingia. Mwanawe wa kwanza alizaliwa njiti, akalelewa kifuani pake usiku na mchana. Leo ni dereva wa lori, mlangoni anainama.

"Na hawa wengine? Tukiwahamishia kwenye ndoo?"

"Mtikisiko utawatoa wote kama huyu. Tuwaache. Mungu hachelewi, sisi ndio wenye haraka."

Akautoa mkono polepole, maji yasitikisike. Simu yake ikalia.

"Tangi halitoki leo," akamwambia mteja. "Lina watoto. Ndiyo, watoto. Subiri, baba, hata wewe ulisubiriwa."

Asubuhi moja tukawakuta wametoka wenyewe, hakuna aliyebeba kiini, wanaogelea kinyumenyume. Wifi akatumbukiza kidole kuwasalimu. Mmoja akamtemea wino.

"Huyo ni damu yenu," nikamwambia.